Plastiki za gari zilizopauka: Kupaka mafuta si kutibu

Na Mwandishi Wetu

MAGARI mengi yaliyotumika ambayo huingizwa nchini kutoka Japani hufika bandarini yakiwa na sura nzuri, lakini baada ya miaka michache ya kuegeshwa juani, sehemu zake za plastiki nyeusi huanza kubadilika. Bampa, magamba ya vioo vya pembeni, kingo za madigadi na ile paneli iliyo chini ya waipa hupoteza weusi wake, hugeuka kijivu na hatimaye hupata weupe mithili ya ngozi iliyokosa mafuta.

Wapo wanaolichukulia jambo hilo kuwa ni la urembo tu. Hata hivyo, siku ya kuuza gari ndipo mwenye gari hutambua kwamba mnunuzi huanza kulitazama kwa nje kabla hajafungua boneti, na kwamba bampa iliyopauka humpa sababu ya kuomba apunguziwe bei hata kama injini ni nzima.

Kutokana na hali hiyo, kumezoeleka tabia ya kuzipaka plastiki hizo kitu chochote chenye mafuta. Wapo wanaotumia mafuta ya kula, wapo wanaotumia dizeli, mafuta ya taa, oili chafu ya injini na hata kiwi ya viatu. Gari hung'aa siku hiyohiyo, mwenyewe akafurahi, na baada ya wiki moja au mbili weupe hurudi.

Makala haya yanaeleza kwa nini plastiki hupauka, kwa nini mafuta hayaiponyi, ni njia zipi zenye manufaa ya kweli na ni kwa namna gani mnunuzi anaweza kutambua plastiki iliyofichwa uchakavu wake.

NI PLASTIKI YA NAMNA GANI?

Sehemu nyingi nyeusi za nje ya gari ambazo hazikupigwa rangi hutengenezwa kwa plastiki iitwayo polipropilini, mara nyingi ikiwa imechanganywa na mpira wa aina maalumu ili isivunjike kirahisi inapogongwa. Ni jamii ileile ya plastiki ambayo hutumika kutengenezea viti vingi vya plastiki, ndoo na mifuko ya kusuka ya kuhifadhia nafaka.

Polipropilini inayofaa kwa matumizi hayo ilipatikana mwaka 1954 katika maabara ya mwanakemia wa Italia, Giulio Natta, ambaye mwaka 1963 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Karl Ziegler wa Ujerumani. Tangu hapo plastiki ilianza kuchukua polepole nafasi ya chuma katika vifaa vingi, magari yakiwemo.

Kabla ya hapo bampa za magari zilikuwa za chuma kilichong'arishwa. Gari aina ya Renault 5, lililotoka nchini Ufaransa mwaka 1972, lilikuwa miongoni mwa magari ya mwanzo ya kawaida kuwa na bampa zisizo za chuma. Viwanda vingine vilifuata, kwa kuwa plastiki ni nyepesi, haishiki kutu na huweza kufinyangwa kwa umbo lolote.

Hapa nchini mfano ulio wazi ni Toyota Probox, gari lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2002, ambalo matoleo yake mengi ya kazi huwa na bampa nyeusi zisizopigwa rangi. Mfano mwingine ni Toyota RAV4 za mwanzo, zilizotoka kuanzia mwaka 1994, ambazo sehemu zake za chini huzungukwa na plastiki ya namna hiyo.

Kiwanda huziacha plastiki hizo bila rangi kwa makusudi. Mbali na kupunguza gharama, sehemu hizo ndizo zinazopigwa na mawe, matope na mikwaruzo. Rangi ingebanduka mapema, wakati plastiki iliyo nyeusi hadi ndani haionyeshi mikwaruzo kwa haraka.

Weusi wenyewe hutokana na kaboni nyeusi, yaani masizi laini sana yanayotengenezwa kiwandani, ambayo pia ndiyo huzipa rangi tairi za magari. Kaboni hiyo huchanganywa na plastiki ikiwa bado imeyeyuka. Pamoja nayo huongezwa unga wa madini, hasa talki, ili kuipa plastiki ugumu, na viambato vya kuikinga dhidi ya jua.

JUA LINAVYOILA PLASTIKI

Adui mkuu wa plastiki hizo ni mionzi ya urujuanimno, ambayo ni sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho. Mionzi hiyo ndiyo pia huunguza ngozi ya binadamu na kufifisha vitambaa vilivyoanikwa nje kwa muda mrefu.

Plastiki imejengwa kwa minyororo mirefu ya molekuli iliyoshikamana. Mionzi inapoipiga, baadhi ya minyororo hukatika. Mahali palipokatika huungana na oksijeni ya hewani, na muungano huo husababisha minyororo mingine ya jirani kukatika. Kaboni nyeusi na viambato vya kinga huzuia sehemu kubwa ya madhara hayo, lakini viambato hivyo hupungua nguvu kadiri miaka inavyokwenda.

Matokeo yake, tabaka jembamba la juu la plastiki huwa kavu na dhaifu. Hujaa nyufa ndogo ambazo macho hayawezi kuziona moja moja, na ule unga wa talki uliokuwa umefunikwa na plastiki hubaki wazi. Ukipitisha kidole juu ya bampa iliyochakaa sana, unga huo huweza kukishika kidole.

Nyufa hizo ndizo zinazobadilisha rangi machoni mwetu. Plastiki mpya ni laini, hivyo mwanga unaoipiga humezwa kwa wingi na kaboni iliyomo, nasi tukaona weusi. Plastiki iliyochakaa ina uso wenye makovu, hivyo mwanga hutawanywa kila upande kabla haujamezwa, na jicho likaona kijivu au weupe. Kwa maneno mengine, weusi haujatoka wote ndani ya plastiki. Aghalabu umefunikwa na tabaka la juu lililokufa.

Ndiyo sababu plastiki iliyopauka hurudia weusi inapolowa mvua. Maji huzijaza nyufa, uso ukawa laini kwa muda, na mwanga ukaacha kutawanyika. Yakishakauka, kijivu hurejea.

Kijiografia, nchi yetu haiyapi magari haya nafuu. Tokyo iko takriban nyuzi 36 kaskazini ya Ikweta, ilhali Dar es Salaam iko chini kidogo ya nyuzi 7 kusini. Jua hupita utosini kwa wakazi wa Dar es Salaam mara 2 kila mwaka, mwanzoni mwa Machi na kabla ya katikati ya Oktoba. Katika kipimo cha mionzi ya urujuanimno kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), kiwango cha 11 na zaidi huitwa cha kupindukia, na katika nchi za tropiki kiwango hicho hufikiwa mara kwa mara nyakati za adhuhuri.

Aidha, si sahihi kudhani kwamba mahali penye baridi gari liko salama. Kwa mujibu wa WHO, mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko kutoka usawa wa bahari. Mji wa Mbeya uko katika mwinuko wa takriban mita 1,700, hivyo gari linaloegeshwa huko kwenye hewa ya ubaridi linaweza kupigwa na mionzi mikali zaidi kuliko mwenye gari anavyohisi kwenye ngozi yake. Joto la Pwani nalo lina ubaya wake, kwani huharakisha kazi ambayo mionzi imekwisha kuianza.

Umri wa magari nao huchangia. Nchini Kenya gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa likiwa limezidi umri wa miaka 8. Tanzania haina katazo la namna hiyo. Gari lenye umri mkubwa hutozwa ushuru wa ziada. Kwa mantiki hiyo, magari mengi hapa nchini huanza maisha yake ya pili wakati kinga ya plastiki zake imekwisha kupungua.

KWA NINI MAFUTA HAYATIBU

Mtu akishaelewa habari ya nyufa, ni rahisi kuelewa pia kwa nini mafuta huonekana kufanya kazi. Mafuta hufanya kilekile kinachofanywa na maji: huzijaza nyufa na kuulainisha uso. Tofauti ni kwamba hayakauki haraka. Chini yake tabaka lililokufa hubaki vilevile, na jua huendelea na kazi yake.

Mfano wa ngozi ya binadamu unaweza kutupotosha hapa. Ngozi iliyopauka ikipakwa mafuta hupata nafuu ya kweli, kwa sababu iko hai na hujijenga upya kutoka ndani. Plastiki haina uhai huo. Kilichokatika hakiungi tena.

Mbali na kutotibu, baadhi ya vitu vinavyotumiwa huongeza madhara. Mafuta ya kula huganda kwa kunata yanapokaa juani na hewani, yakashika vumbi na kuacha utando wa rangi ya kahawia ambao ni vigumu kuutoa. Katika barabara za vumbi, bampa iliyopakwa mafuta asubuhi huweza kuwa na sura mbaya zaidi jioni kuliko ilivyokuwa kabla ya kupakwa.

Dizeli, mafuta ya taa na oili chafu ni hatari kwa namna nyingine. Mipira mingi inayozuia maji na vumbi kuingia kwenye milango na vioo hutengenezwa kwa mpira unaostahimili jua na mvua vizuri sana, lakini usiopatana na mafuta ya petroli. Ukikutana nayo mara kwa mara huvimba, hulegea na kupoteza umbo, na matokeo yake maji ya mvua huanza kupenya ndani ya gari. Mwenye gari aliyetaka kuokoa sura ya bampa hujikuta akitafuta mipira ya milango.

Mafuta ya breki hayafai kabisa, ingawa wapo wanaoyasifu kwa kung'arisha. Mafuta hayo huibandua rangi ya bodi, na tone moja likianguka kwenye boneti bila kuoshwa mara moja linaweza kuacha doa la kudumu.

Kiwi nayo huleta weusi wa haraka, lakini weusi huo huhamia kwenye nguo ya anayepita karibu na gari, na mvua ikinyesha huchuruzika.

Lipo pia suala la afya ya wanaofanya kazi hiyo. Katika vituo vya kuoshea magari si ajabu kumwona kijana akisugua bampa kwa kitambaa kilicholoweshwa petroli, mikono ikiwa mitupu. Petroli ina kemikali iitwayo benzeni, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) limeiweka katika kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Mvuke wake pia huwaka kwa cheche ndogo tu. Mwenye gari anayeridhia kazi hiyo ifanyike hivyo anapaswa kujua kwamba kijana huyo anahatarisha afya yake kwa ajili ya mng'ao wa siku chache.

HATUA YA KWANZA: USAFI

Njia yoyote ile itakayotumika, kazi huanza na kuosha. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kupaka dawa juu ya vumbi, mafuta ya zamani na utando wa sabuni.

Bampa ioshwe kwa maji na sabuni yenye nguvu ya kutosha kuondoa mafuta, ikisuguliwa kwa brashi yenye nywele za wastani. Brashi ni muhimu kwa sababu plastiki nyingi za gari zina vijipunje au michirizi iliyotengenezwa kiwandani, na kitambaa peke yake hakifiki ndani ya mabonde yake. Kazi ifanyike kivulini na plastiki ikiwa imepoa, kwani juani sabuni hukauka kabla ya kusuuzwa.

Baada ya kusuuza, irudiwe mara ya pili. Maji ya mara ya kwanza huwa na rangi ya kijivu au kahawia. Yakitoka safi, ndipo kazi imefika. Kisha plastiki iachwe ikauke kabisa, ikiwezekana kwa saa kadhaa, kwa kuwa maji yaliyojificha kwenye viungo yakitoka baadaye huharibu kilichopakwa.

Yapo madoa meupe ambayo hayatokani na jua. Hayo ni mabaki ya polishi ya bodi iliyogusa plastiki na kukaukia kwenye vijipunje vyake. Dalili yake ni kwamba hukaa ukingoni, pale plastiki inapokutana na rangi ya bodi. Madoa ya namna hiyo huweza kutoka kwa brashi na sabuni, au kwa kufutwa taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, bila kuhitaji dawa nyingine.

Kipimo rahisi cha hali ya plastiki ni maji yenyewe. Ikilowa ikawa nyeusi sawasawa, na ikikauka ikarudi kijivu, uchakavu uko juu tu na unaweza kurekebishwa. Ikibaki na mabaka hata ikiwa imelowa, au ikiwa na nyufa zinazoonekana kwa macho, dawa za kupaka zitasaidia kidogo, na pengine ni nafuu kutafuta nyingine iliyo nzima katika maduka ya spea kama yale ya Gerezani, Dar es Salaam.

NJIA NNE ZA KUREJESHA WEUSI

Njia ya kwanza ni dawa za kung'arisha zenye silikoni. Hizi ndizo zinazopatikana kwa wingi na kwa bei ndogo. Zilizo bora huchanganywa na maji badala ya mafuta ya petroli, hivyo haziharibu mipira. Zinafaa kwa plastiki ambayo bado ni nzima na inahitaji kupendezeshwa, lakini hudumu kwa siku au wiki chache tu, kutegemea mvua na uoshaji.

Dawa hizo zipakwe kidogo kwa kitambaa, kisha zifutwe ziada yake. Zisipakwe kwenye usukani, pedali, sehemu ya tairi inayokanyaga barabara wala karibu na breki, kwa sababu silikoni huteleza. Aidha, gari likitarajiwa kupigwa rangi, fundi rangi aelezwe mapema kwamba silikoni imetumika, kwani mabaki yake huifanya rangi mpya ijitenge na kuacha vijishimo.

Njia ya pili ni rangi maalumu ya kutia weusi kwenye plastiki, ambayo hupakwa kwa sifongo na kuachwa ikauke. Tofauti yake na dawa ya kung'arisha ni kwamba huacha rangi ndani ya nyufa. Hudumu kwa miezi, lakini hutegemea mno usafi wa awali. Penye mafuta haishiki, na ikishabanduka huacha mabaka. Bodi iliyo jirani ifunikwe kwa tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, kwani rangi hiyo ikikaukia kwenye bodi ni kazi kuitoa.

Njia ya tatu ni vimiminika vya kisasa ambavyo vikikauka huwa utando mgumu wenye asili ya silika, yaani jamii ya kioo. Hivi hujaza nyufa na kubaki humo, na baadhi yake huongezewa kinga dhidi ya mionzi. Vikipakwa ipasavyo huweza kudumu kwa miezi mingi, hata kupita mwaka. Bei yake ni kubwa zaidi kwa chupa, lakini chupa ndogo hutosha gari zima, hivyo mwenye gari alinganishe gharama ya mwaka mzima badala ya gharama ya siku moja.

Ubaya wa vimiminika hivi ni kwamba havisamehe uzembe. Kikipakwa juu ya uchafu, uchafu hufungiwa humo. Kikiachwa na michirizi, michirizi hukauka nacho. Anayekitumia kwa mara ya kwanza aanze na sehemu ndogo isiyoonekana sana.

Njia ya nne ni kupiga rangi. Hii hufaa pale plastiki ilipokwaruzwa vibaya au mwenye gari anapotaka bampa ifanane na bodi. Fundi lazima afahamu kwamba polipropilini ni plastiki isiyoshika rangi kwa urahisi; rangi iliyopigwa juu yake moja kwa moja hubanduka kama ganda. Huhitaji kusuguliwa kwa msasa laini na kupigwa kwanza praima maalumu ya plastiki inayoshikisha rangi. Mwenye gari amuulize fundi kuhusu praima hiyo kabla ya kukubaliana bei.

VIPI KUHUSU MOTO?

Ipo njia nyingine ambayo imepata umaarufu kupitia video za mtandaoni, nayo ni kupuliza hewa moto kwenye plastiki. Weusi hurudi papo hapo mbele ya macho, jambo linalowafanya wengi waamini kwamba plastiki imepona.

Kinachotokea ni kwamba joto huliyeyusha kidogo tabaka la juu, nyufa zikajifunga na uso ukawa laini. Hata hivyo, viambato vya kinga vilivyokwisha havirudi, hivyo plastiki huanza kupauka upya, wakati mwingine kwa haraka.

Hatari yake ni kubwa. Polipropilini huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 160 za Selsiasi, ilhali mashine za kupulizia hewa moto huweza kutoa hewa yenye nyuzi 500 na zaidi. Sekunde chache za kusahau zinatosha kuipinda bampa, kufuta vijipunje vyake vya kiwandani au kuunguza rangi ya bodi iliyo jirani. Wanaotumia mwali wa gesi badala ya mashine hujiongezea hatari ya moto, hasa ikiwa plastiki iliwahi kupakwa petroli au dizeli.

MNUNUZI AWE MACHO

Kwa kuwa mafuta huficha uchakavu kwa siku kadhaa, mnunuzi wa gari lililotumika anaweza kulipa bei ya gari lililotunzwa kwa gari lililopakwa mafuta asubuhi hiyo. Kumpendezesha mtu gari lake kabla ya kuliuza si kosa, lakini mnunuzi ana haki ya kujua anachokinunua, na zipo njia za kulichunguza zisizohitaji fundi.

Kwanza, apitishe kitambaa cheupe kikavu juu ya bampa. Kikitoka na weusi au mafuta, ni dalili kwamba plastiki imepakwa hivi karibuni. Pili, anuse. Harufu ya dizeli au mafuta ya taa karibu na milango haina sababu njema.

Tatu, alinganishe sehemu zilizo wazi na zile zisizofikiwa na jua, kama vile chini ya gamba la kioo cha pembeni au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Pengo kubwa la rangi kati ya sehemu hizo huonyesha kwamba gari limekaa juani kwa muda mrefu. Paneli iliyo chini ya waipa ni shahidi mzuri, kwa kuwa hulala wazi juani na mara nyingi husahauliwa na wanaopaka mafuta.

Nne, aangalie kama plastiki zote zimechakaa kwa kiwango kimoja. Bampa moja ikiwa mpya kuliko nyingine zote, huenda ilibadilishwa baada ya ajali, na mnunuzi ana sababu ya kuuliza kilichotokea na kukagua chuma kilicho nyuma yake. Tano, abonyeze mipira ya milango kwa vidole. Iliyovimba, inayonata au iliyolegea inaweza kueleza mengi kuhusu namna gari lilivyokuwa likisafishwa.

Taa za mbele nazo zitazamwe, ingawa plastiki yake ni ya aina nyingine iitwayo polikaboneti, ambayo jua huigeuza njano na ukungu. Hapo suala si sura tena bali usalama, kwa sababu taa yenye ukungu hupunguza mwanga unaofika barabarani usiku. Dawa za bampa hazifai kwa taa. Huhitaji kusuguliwa kwa msasa laini wa hatua kadhaa, kung'arishwa na kisha kupakwa utando mpya wa kuzuia mionzi. Bila utando huo, ukungu hurudi.

KINGA NI NAFUU

Gari likisharudishwa weusi wake, utunzaji ni wa gharama ndogo. Kivuli ndiyo dawa ya kwanza, kiwe cha mti, paa au turubai. Asiye na kivuli anaweza angalau kubadili mwelekeo wa kuegesha mara kwa mara, ili upande mmoja usipigwe na jua la mchana siku zote.

Gari lioshwe kwa sabuni ya kuoshea magari, au angalau sabuni ya maji isiyo kali, badala ya sabuni ya unga ambayo huondoa mapema kinga iliyopakwa. Kwa wanaoishi au kufanya kazi kandokando ya bahari, vumbi na chumvi visuuzwe kwa maji safi kila inapowezekana. Dawa ya kinga irudiwe kabla weupe haujaonekana, kwani ukishaonekana tabaka la juu limekwisha kuharibika.

Zaidi ya yote, mwenye gari akifika kwenye kituo cha kuoshea magari aseme mapema ni kitu gani kipakwe na ni kipi kisipakwe. Asiposema, huenda dumu la dizeli likafunguliwa, na gharama ya mipira ya milango itakuwa yake mwenyewe.